Jina Moja Kwenye Kinyago

Sogeeni karibu, kuna jambo nataka mnisaidie kuliamua.

Muheza walikuwapo watu watatu. Kilua alijua kuandika. Mhina, mwalimu wa fizikia, alijua kupiga picha. Mzee Semboja alijua kushona suruali, na hakuwahi kuigiza maishani mwake.

Kilua alifika nyumbani siku moja baada ya mama yake kuzikwa. Mwaka mzima hakuweza kulizungumza. Mwishowe aliandika kurasa sita: mtu anaingia kwenye kituo cha treni kilichofungwa, anatokea mlango wa pili, na ni mwaka ambao mama yake bado yu hai.

Mhina alizisoma akamfuata. "Dada Kilua, niruhusu niifanye filamu."

"Hiyo si hadithi ya kuchezewa, Mwalimu."

"Sitaichezea."

Kwa miaka miwili, kila Jumapili, Mhina alibeba kamera ya kuazima hadi kituoni. Mvua ilipoharibu kazi ya miezi minne, alianza upya, wala hakumlalamikia mtu.

Mzee Semboja ndiye aliyepewa nafasi ya mwana. Alitakiwa amwambie mama, "Nisamehe, nilichelewa." Maneno hayakutoka. Alipiga magoti, akaupokea ungo kutoka kwa mwanamke aliyeigiza mama, akaanza kuchambua mchele kimya kimya. Mhina hakuzima kamera. Kilua, aliyesimama nyuma yake, alilia. Hakuwa ameandika hivyo, lakini hicho ndicho alichotaka kukiandika.

Filamu ile ikapelekwa kwenye shindano la filamu, ikashinda. Tuzo ilikuwa kinyago kimoja cha mpingo, na barua ya waandaaji ikasema juu yake litachongwa jina moja tu, na mwenye jina ndiye atakayekaa nacho.

Wakakutana kwa fundi Semboja.

"Bila kamera," alisema Mhina taratibu, "zingebaki karatasi kabatini."

"Mimi sikuigiza," alisema mzee. "Pale nilikuwa na mama yangu. Naye sikumuaga."

Kilua aliinama. "Lakini aliyekufa kwenye zile kurasa ni mama yangu."

Fomu ya kujaza jina hilo ilikuwa mezani, kalamu mkononi mwa Kilua, na kila jina alilolifikiria, lake likiwamo, lilimwonea mtu.

Basi niambieni, wenzangu. Kalamu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?