Sihaba na Somo Wake Tumbusi

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni pakawa ya watu wenye usingizi. Nasema paukwa!

Pakawa!

Na aliyesinzia?

Aamshwe!

Basi mwamsheni, asije akazinduka katikati akaanza kuniuliza huyu nani na yule nani. Leo sina subira hiyo.

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, palikuwa na mtu na mkewe. Mume akiitwa Kupaza, mke akiitwa Mwajabu. Walizaa mtoto, wakampa jina la babu, akafa. Wakazaa wa pili, wakampa jina la shangazi, akafa. Wakazaa wa tatu, wakampa jina la mjomba mmoja mwenye nguvu kama ng'ombe, naye akafa hajajua hata kutambaa.

Sasa mnajua wenyewe, anayempa mtoto jina lake ndiye somo wake. Somo humpenda somo wake. Humletea zawadi, hamfichi neno, wala hamdhuru. Mwajabu alipojifungua mara ya nne, akapata msichana, alimwambia mumewe asithubutu kumpa jina la ndugu yeyote, maana majina ya ndugu yote yameshaingia kaburini. Atoke nje, akatafute somo atakayemwacha huyu mtoto aishi.

Kupaza akatoka, moyoni akisema somo huyo lazima awe mwenye haki, asiyempendelea mtu. Akaenda, akaenda, akaenda.

Akakutana na Simba. Simba akamuuliza anatafuta nini, akaelezwa. Simba akasema yuko tayari kutoa jina lake, na nguvu zake juu. Kupaza akakataa. Akamwambia kwamba yeye Simba humrukia mnyonge na kumkwepa nyati mwenye afya, na wa namna hiyo hana haki. Simba akaona haya kidogo, akajitia kujilamba mguu.

Kupaza akaenda, akaenda, akakutana na Sungura. Sungura akasema atampa mtoto jina, na akili juu. Kupaza akakataa tena. Akamwambia Sungura kwamba leo ni rafiki, kesho anamuuza rafiki kwa kiganja cha karanga. Sungura akacheka, wala hakubisha.

Kupaza akaenda, akaenda, mpaka jua likawa la utosini na kivuli chake kikamwingia chini ya nyayo. Mahali hapo hapakuwa na upepo. Hapakuwa na nzi, hapakuwa na panzi. Palikuwa na jiwe jeupe, na juu ya jiwe amekaa Tumbusi, yule ndege wa mizoga, shingo tupu, amejikunyata ndani ya mabawa yake kama mzee ndani ya blanketi.

Tumbusi hakumuuliza anatafuta nini.

"Ni msichana," Tumbusi akasema. "Na kabla yake walikuwa watatu. Wote nawajua."

Kupaza hakukimbia. Akamuuliza kama yeye huwa anachagua.

"Sichagui. Jumbe, mchunga mbuzi, bibi harusi, kwangu ni mamoja. Sijampendelea mtu, na sijamwonea mtu."

Basi Kupaza akafurahi. Ndiyo, akafurahi, wewe mwenye kanga ya bluu usinitolee macho. Aliona huyu ndiye mwenye haki aliyekuwa akimtafuta. Tena akawaza moyoni kwamba somo hamdhuru somo wake, kwa hiyo huyu akishakuwa somo, mtoto amepona moja kwa moja. Mtu aliyezika watoto watatu ana haki ya kuwaza upuuzi, kwa hiyo nawaomba msimcheke.

Tumbusi akasema jina lake ni Sihaba. Na mtoto akaitwa Sihaba. Na mtoto akaishi.

Hadithi hii, niwaambie kabisa, kwao ni Ujerumani. Huko wanasema aliyekaa njiani alikuwa Mauti mwenyewe, mtu mrefu mwenye miguu mikavu. Mtu mrefu mwenye miguu mikavu mimi simwogopi, hata shemeji yangu yuko hivyo. Tumbusi namwogopa, ndiyo maana kwangu ni tumbusi.

Sihaba akakua, akavunja ungo. Siku moja adhuhuri, somo wake akaja kumletea zawadi. Watu wengine hawakumwona. Walisikia tu sauti kavu uani, kama mtu anakung'uta mkeka. Akampeleka Sihaba mpaka kwenye lile jiwe jeupe, akamwonyesha majani yaliyoota ufani. Akamwambia atakuwa mganga, na mganga wa kwelikweli.

"Ukiingia kwa mgonjwa utaniona," Tumbusi akasema. "Nikisimama miguuni, mpe majani, atapona. Nikisimama kichwani, huyo ni wangu. Wape pole, uende nyumbani."

Sihaba akafanya hivyo. Akiitwa penye mtoto mwenye degedege, anakuta ndege amesimama chini pale miguuni, kimya, shingo yake tupu sawasawa na ukingo wa kitanda. Anatia jani kinywani mwa mtoto, mtoto anaamka. Akiitwa penye mzee anakohoa kidogo tu, watu wanacheka naye, anakuta ndege yuko kichwani, mdomo wake karibu na sikio la mzee. Sihaba anawapa pole. Watu wanashangaa, pole ya nini, mzee si huyu anakula? Jua halizami kabla hawajaelewa.

Sifa zake zikaenea. Lakini usiku na mchana Sihaba hakuizoea harufu ya somo wake. Hakuna aliyeisikia ila yeye, harufu ya jiwe lililopigwa na jua, na kitu kingine chini yake. Alikuwa akirudi nyumbani anakoga, anakoga tena, kisha anakaa karibu na mama yake.

Siku moja jumbe wa nchi ile akaugua. Nyumba imejaa watu, wake wanalia, mashahidi wa wosia wako mlangoni, kila mmoja anamtazama Sihaba mikono. Sihaba akaingia, akamwona somo wake. Yuko kichwani.

Kumwambia jumbe pole! Nani angethubutu? Sihaba alikuwa bado msichana, na zile sifa zilishaanza kumkaa kichwani. Akawaita vijana wanne, akawaambia wakigeuze kitanda, upande wa kichwa uende kwenye miguu. Wakakigeuza. Tumbusi akajikuta amesimama miguuni. Sihaba akatia jani haraka. Jumbe akaketi, akaomba maji.

Njiani kurudi, kivuli kikamfunika Sihaba na mbingu haina wingu.

"Somo hamdanganyi somo wake," Tumbusi akasema. "Hii nimekuachia kwa ajili ya jina letu. Ukigeuza tena, mgonjwa nitamwacha. Nitaondoka na wewe."

Sihaba akaapa hatarudia. Na hakurudia. Baba yake Kupaza alipoanguka kitandani, Sihaba aliingia akamkuta ndege yuko kichwani, akashika ubao wa kitanda kwa mikono yote miwili. Kupaza hakumwona ndege, lakini aliona mikono ya mwanawe. Akamwambia kwa sauti ndogo kwamba yule somo alimchagua yeye baba mwenyewe kwa mdomo wake, amwache afanye kazi. Sihaba akaachia ubao. Akalia mpaka sauti ikamkauka, lakini kitanda hakukigusa.

Sihaba alikuwa ameolewa, akapata mtoto mmoja, Mashavu. Mume alikwenda kutafuta mashamba mbali, akasahau njia ya kurudi. Wakabaki watatu nyumbani, Mwajabu, Sihaba na Mashavu. Mashavu alikuwa mtoto wa kelele, wa kuuliza, wa kupanda kila kitu. Sihaba alimpenda mpaka akawa anaogopa kumtazama sana.

Mnaona inakokwenda. Na mimi naiona. Ningekuwa na njia nyingine ningeipitisha huko.

Asubuhi moja Mashavu hakuamka. Mwili moto, macho yamefumba, mdomo umekauka. Sihaba hakutaka kuingia chumbani. Alikaa kizingitini, akatazama miguu yake mwenyewe. Akasikia mama yake Mwajabu, kutoka ndani, anamwambia aje amtibu mwanawe, anangoja nini, si yeye ndiye mganga?

Ile harufu ilikuwa imeshafika mlangoni. Sihaba akainua macho. Miguuni hapakuwa na kitu. Kichwani, karibu kabisa na nywele za Mashavu zilizosukwa jana yake, alisimama somo wake.

Sihaba akapiga magoti. Hakuwahi kumwomba kitu tangu azaliwe.

"Somo wangu, sogea. Hatua chache tu, uende miguuni."

Tumbusi alimtazama kwa jicho moja, kisha kwa jingine.

"Baba yako alinipenda kwa kuwa sichagui," akasema. "Leo unataka nichague."

Sihaba akamwambia mama yake, kwa sauti ya kawaida kabisa, aende jikoni akapike uji, mtoto akiamka atakuwa na njaa. Mwajabu akatoka mbio, amejaa matumaini, maskini.

Sihaba akabaki peke yake na kitanda. Safari hii hakukuwa na vijana wanne. Akasukuma, akavuta, miguu ya kitanda ikalia juu ya sakafu ya udongo, ikachora nusu duara. Akajua anachofanya. Hakuna aliyemlazimisha, na wala hakujidanganya kwamba atasamehewa. Akatia jani kinywani mwa Mashavu.

Mashavu akafumbua macho. Akauliza kwa nini kitanda kimekaa vibaya. Kisha akasema ana njaa.

Tumbusi akakizunguka kitanda polepole, akaja kusimama kando ya Sihaba. Bega kwa bega.

"Twende," akasema.

"Ana njaa. Niache nimlishe."

Tumbusi akafikiri. Haki haikukataza hilo.

"Bakuli moja," akasema.

Mwajabu akaleta uji, akamwona mjukuu wake ameketi, akatoka uani kulia kwa furaha. Sihaba akaanza kulisha. Akachota nusu kijiko. Akapuliza, akampa. Akachota robo kijiko. Akapuliza, akampa. Uji ukapoa, na bado akapuliza. Mashavu akaona mchezo, akacheka, akasema uji hauna moto, mama. Sihaba akamwambia anajua, lakini afungue kinywa. Akamwelekeza lilipo sanduku la nguo. Akamfundisha kumwitikia bibi haraka anapoitwa. Akamwambia mambo mengi, na katikati ya kila neno akatia tone la uji, na bakuli likapungua hivyo hivyo, maana bakuli halina huruma.

Kando yake ndege alingoja. Hakumharakisha hata mara moja.

Likabaki kidogo chini. Sihaba akakwangua, akakusanya, akainua kijiko, akakishika hewani muda mrefu. Lakini Mashavu alishasikia watoto wenzake nje. Akausukuma mkono wa mama yake.

"Mama, nimeshiba."

Mwajabu, kule uani, alisikia sauti kavu, kama mtu anakung'uta mkeka. Mjukuu wake akampita mbio kwenda kucheza. Alipoingia ndani alimkuta Sihaba ameegemea ukuta, kijiko mkononi, na ndani ya kijiko uji uliobaki.

Basi. Wajerumani wao humaliza kwa kusema mganga alijifanya mjanja, ujanja ukamtokea puani. Sawa, ni hadithi yao. Mimi nasema, safari ya kwanza alikuwa mjanja, safari ya pili alikuwa mama, na Tumbusi hakujua tofauti, kwa sababu hachagui. Funzo ndilo hili: ukimchagua mtu kwa kuwa hana upendeleo, siku ya shida usimwombe akupendelee, kwani hana cha kukupa. Na ukiamua kumkosea, usiseme hukujua.

Hadithi nimeitua chini hapa hapa. Mwenye nguvu na aibebe, mwenye woga na airuke, na aliyesinzia asimuulize jirani yake.