Donge Tumboni mwa Kiboko

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa nini?
Pakawa sahani!
Sahani ya nani?
Ya mpishi!
Na kilichokuwamo?
Hatujakiona!
Mtakionaje, na Kiboko keshapita? Haya, kaeni vizuri niwaambie.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule yao ya sekondari, juu ya mawe karibu na mto. Kila Alhamisi kulikuwa na vipindi viwili kwa pamoja. Jikoni, Mwalimu Kanga alifundisha mapishi na kazi za nyumbani. Uwanjani, Mwalimu Mbuni alifundisha michezo.

Kiranja wa michezo alikuwa Kiboko. Kiranja, ndiyo, lakini mbio hakimbii! Yeye alikaa kivulini akiwahesabia wenzake: "Moja, mbili! Moja, mbili!" Mwalimu Mbuni akigeuka tu, Kiboko hayupo. Yuko wapi? Yuko jikoni!

Na huko jikoni, mwanafunzi mdogo kuliko wote alikuwa Pimbi. Mkia hana, kimo hana, lakini mikono anayo! Akikanda unga unalainika, akikaanga kitunguu majirani wanameza mate. Mimi nampenda Pimbi, sifichi.

Alhamisi ya kwanza ya mtihani, Pimbi akapika wali. Mara dii! dii! dii! Kiboko huyo.

"Dada Pimbi, kimeiva?"

"Kimeiva, kaka, lakini ni cha Mwalimu."

Nyafu! Sahani tupu. Kwa Nyati hakugusa, maana Nyati ana pembe. Kwa Twiga hakugusa, maana Twiga ana mateke. Kengele ikalia, ngo! Mwalimu Kanga akaja kuonja, akakuta sahani nyeupe. Akaandika sifuri.

Alhamisi ya pili, Pimbi akapika ndizi. Dii! dii! dii!

"Dada Pimbi, kimeiva?"

"Kimeiva, kaka, lakini ni cha Mwalimu."

Nyafu! Ngo! Sifuri.

Pimbi akashitaki. Mwalimu Kanga akasema, "Kiranja? Kiranja alikuwa uwanjani, nilimsikia akihesabu. Alhamisi ijayo ni ya mwisho. Nikikuta tena sahani tupu, mwanangu, utarudi kwenu mapangoni."

Pimbi akalia sana. Katika ukoo mzima wa mapimbi yeye ndiye wa kwanza kusoma, na mama yake alishawatangazia majirani wote. Alipomaliza kulia akafuta macho, akakaa, akafikiri.

Alhamisi ya tatu ikafika. Pimbi akasema atapika maandazi. Akakanda unga, akaufunika kwa kitambaa, akausukuma chini ya meza. Juu ya meza akaacha madonge mawili tu, kila moja kama ngumi yake. Katika hayo mawili hamira alitia vijiko vinne! Akili hiyo, jamani, mnaiona?

Dii! dii! dii!

"Dada Pimbi, kimeiva?"

"Bado, kaka. Ni unga mbichi. Usiguse!"

Mwambie mroho usiguse! Nyafu! Donge moja likateremka. Pimbi akashika kichwa.

"Yalaa! Kaka, umemeza hamira!"

"Hamira ndiyo nini?"

"Ngoja umtazame pacha wake."

Akalichukua donge la pili, akalitia bakulini, akaliweka karibu na jiko. Wakakaa, wakatazama. Fuu, likavimba. Fuu, likavimba tena. Fuu, likafika ukingoni mwa bakuli, likamwagika nje. Kiboko macho yakamtoka.

"Na hapa ni joto la mkaa kidogo tu," Pimbi akasema kwa huruma. "Tumboni mwako kuna joto gani, kaka?"

Kiboko akajitazama tumbo. "Mama wee! Mbona kubwa hivi?"

"Ndiyo hivyo. Limeshaanza."

"Nitapasuka! Niokoe, dada yangu!"

"Donge likiumuka, mpishi hulikanda likashuka. Lako liko ndani, mkono wangu haufiki. Kimbia! Ukichoka kukimbia, ruka kichura! Litakandika lenyewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka usikie kengele."

Kiboko akatoka mbio, bupu! bupu! bupu! Akazunguka uwanja mara ya kwanza, mara ya tano, mara ya kumi. Akaruka kichura hadi milango ya madarasa ikatetemeka. Mwalimu Mbuni filimbi ikamdondoka mdomoni. "Kiranja anakimbia!" Wanafunzi wote wakasimama wakampigia makofi, na kwa kweli alistahili.

Huko jikoni Pimbi akavuta unga wake kutoka chini ya meza. Akasukuma, akakata, akakaanga, chwaa! chwaa! Maandazi kumi, mekundu, yamejaa hewa.

Ngo! Mwalimu Kanga akaingia. Akaonja moja. Akaonja la pili. La tatu akasema anahakikisha tu. Kisha akaandika mia kwa mia, na Pimbi akabaki shuleni.

Kiboko akaja akihema, jasho chapachapa. Mwalimu Mbuni alikuwa amempa alama za mbio kwa mara ya kwanza maishani mwake. Kiboko akamshika Pimbi mkono. "Asante, dada. Umeniokoa." Kisha akatupia jicho chungu cha Twiga. "Na mchuzi, nao huumuka?"

"Huumuka, kaka."

"Na viazi?"

"Viazi ndivyo vibaya."

"Na chumvi?"

"Chumvi? Anza kukimbia sasa hivi!"

Kiboko akakimbia hadi mtoni. Ndiyo maana mpaka leo hula majani tu, yasiyopitia mkononi mwa mpishi.

Hadithi yangu imeiva, nimeipakua. Mwenye njaa bado akajipikie. Na funzo lake, wanangu, ni hili: uongo ni mbaya. Pimbi alidanganya, na mwisho wake mmeuona: amefaulu, ameshiba, na aliyedanganywa amemshukuru. Msije mkafanya kama yeye!