Bi Nungu na Pembe ya Kinga

Paukwa!

Pakawa!

Mmeitika kama watu waliokwisha kushiba. Haya, sogezeni miguu, na huyo aliyekaa upande wa moshi ahamie huku, niwape habari za Bi Nungu, aliyekataa kuamrishwa na mtu.

Hapo zamani za kale, watu na wanyama walipokuwa wakikutana njiani na kuulizana habari za nyumbani, palikuwa na nchi iliyoitwa Bondeni, na jumbe wake alikuwa Nyati. Bondeni kulikuwa na desturi moja. Kila mwaka, nyasi zikianza kukauka, Jumbe Nyati alipuliza pembe, na kila mwenye jembe akatoka kwenda kulima kinga. Kinga ni ukanda wa ardhi uliozunguka nchi nzima. Ulilimwa mpaka ukabaki udongo mtupu, ili moto wa nyika ukija usikute cha kula. Ilikuwa kazi ya siku moja, na hakuna aliyenung'unika.

Mwaka mmoja kazi ikaisha mapema. Jumbe Nyati akawatazama watu wake, akasema kwa upole, "Kwa kuwa mko hapa wote na majembe yenu, kule kwangu kuna magugu kidogo."

Wakaenda. Magugu kidogo, kitu gani? Mwaka wa pili magugu yakawa shamba. Mwaka wa tatu shamba likawa mashamba, siku moja ikawa mwezi, na asiyekwenda akafuatwa nyumbani na Ngiri wawili wenye fimbo. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, lakini Nyati alivuta mpaka wenzake wakabaki hawana hata kipande cha ngozi.

Bi Nungu alikuwa mkulima wa maboga, mtu wa maneno machache na miba mingi. Mwaka huo maboga yake yaliozea shambani huku yeye akipalilia mahindi ya Jumbe. Aliporudi na kuyaona alikaa chini akalia. Kesho yake alikwenda barazani kwa Jumbe, akalaza jembe mbele yake, akasema, "Mikono yangu ni yangu, jembe langu ni langu, siku yangu ni yangu. Kinga nitalima. Mahindi yako, Jumbe, silimi tena."

Ngiri wawili wakamsogelea. Miba ikasimama. Wakakumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine.

Bi Nungu akaokota jembe lake na kuihama Bondeni asubuhi ile ile. Jirani yake, Bi Kobe, mtu mzima, naye akasema amechoka kufuatwa na fimbo, akaandamana naye. Mpakani mwa nchi palikuwa na kilima, na Bi Nungu peke yake angekivuka kwa siku moja, lakini mwendo wa Kobe mnaujua. Wakaenda siku ya kwanza, wakaenda siku ya pili, wakaenda siku ya tatu. Kila Bi Kobe aliposimama kupumzika, Bi Nungu alimwambia maneno yale yale, "Jikaze, shoga yangu. Huko tuendako hakuna atakayekugusa."

Wakafika ng'ambo ya kilima, na mahali pale wakapaita Ng'ambo. Hawakuweka jumbe, wala baraza, wala fimbo. Waliweka sheria tatu tu: usimguse mtu, usiguse cha mtu, na ukiahidi, timiza.

Habari ikaenea. Akaja Kanga, msusi wa vikapu. Akaja Swala na mbegu zake za kunde. Akaja Pimbi, akachagua jabali kubwa upande wa mashariki na nyasi zote zilizolizunguka. Na kusema kweli, Ng'ambo palistawi. Mtu akijua kwamba alichopanda ni chake, huamka kabla ya jogoo bila kuamshwa. Maboga ya Bi Nungu yalikuwa makubwa hata Bi Kobe aliweza kujificha nyuma ya moja na asionekane. Mwenye kunde alibadilishana na mwenye vikapu, wakiridhiana wenyewe, na asiyeridhika alikwenda zake bila kugombana. Wahenga walisema hiari yashinda utumwa. Mimi nisiwasute wahenga, maana Ng'ambo ilishinda Bondeni kwa chakula, kwa usingizi na kwa kicheko.

Sasa kiangazi kikaja. Pembe haikuwapo, na nani alitaka kuisikia tena? Kila mtu akalima kinga mbele ya shamba lake. Kanga akalima, Swala akalima, Bi Nungu akalima ya kwake na ya Bi Kobe, kwa kikapu cha viazi walivyopatana. Asiyelima alikuwa Pimbi.

Na shamba la Pimbi ndilo lililokuwa mashariki, upepo wa kiangazi unakotokea. Nyasi zake zilimfika mtu kifuani. Yeye mwenyewe aliishi ndani ya jabali, na jabali haliungui.

Bi Nungu akamwendea mara ya kwanza. Akamsalimu, akamwomba alime kinga. Pimbi akasema jua ni kali.

Akamwendea mara ya pili, akasema basi atalima yeye, na atampa maboga matano kwa nyasi zitakazong'olewa. Pimbi akaona kumbe nyasi zake zina thamani. Akasema kumi.

Akamwendea mara ya tatu na maboga kumi, ameyabeba kwa safari nne. Pimbi akayatazama, akajikuna shingo, akasema sasa anataka shamba lote la maboga.

"Bwana Pimbi," akasema Bi Nungu, "moto ukipita kwako utatufika sisi."

"Huo utakuwa umeletwa na upepo, sikuuleta mimi. Nyasi ni zangu, Bi Nungu. Usiguse cha mtu. Si ulisema mwenyewe?"

Bi Nungu akatwaa jembe lake. Akarudi kwa njia ya kando ya nyasi zile, jembe begani. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja tu, na mikono ilimwasha. Lakini alijiuliza, nikiingia shambani kwa mtu kwa nguvu, nitakuwa na tofauti gani na Nyati? Akapita, akaenda zake. Alikuwa na haki, nanyi msimcheke, maana wengi wetu tungeingia kwanza na kufikiri baadaye.

Siku ya tano baada ya hapo, alasiri, mrina asali aliyeitwa Kasembe alikuwa juu ya mti akifukuza nyuki kwa mwenge. Nyuki wakamgeukia, mwenge ukamponyoka. Moto ukashika nyika, upepo ukausukuma, ukaingia kwenye nyasi za Pimbi ukiwa mdogo, ukatoka ukiwa mkubwa. Kinga nyembamba za wengine ukaziruka kama mtoto arukavyo dimbwi.

Kanga akaruka. Swala akakimbia. Bi Nungu hakukimbia. Alimwendea Bi Kobe, akamsukuma kwa kichwa, akamsukuma tena, akamsukuma mpaka wakaingia wote wawili katika shimo analolala Bi Nungu, kisha akafukia mlango kwa udongo. Wakakaa humo wakisikia moto ukipita juu yao.

Walipotoka, Ng'ambo ilikuwa nyeusi. Bi Kobe akaenda moja kwa moja pembeni mwa shamba lake, mahali alipokuwa amefukia mayai yake manane. Akafukua taratibu, akayapanga juu ya majivu. Yote yalikuwa yameiva.

Bi Nungu alisimama nyuma yake. Bi Kobe hakugeuka.

"Uliniambia huku hakuna atakayenigusa," akasema. "Ni kweli. Hakuna aliyenigusa."

Neno hilo lilimchoma Bi Nungu kuliko mwiba wake mwenyewe.

Siku ya tatu baada ya moto Pimbi alitoka jabalini. Hakuwa ameungua hata unywele mmoja, ila nje hapakuwa na jani la kutafuna. Swala alitaka achapwe. Bi Nungu akakataa, akampa Pimbi kipande cha boga lililoivishwa na moto shambani. Pimbi alipoyaona mayai yale, alikiweka chini kile kipande. Akalia, akaapa kwamba mwakani atakuwa wa kwanza kushika jembe. Bi Kobe akamwambia kiapo cha mwenye njaa husahauliwa akishiba.

Ndipo wakakaa kwenye majivu wakaongeza sheria ya nne: moto haujui mpaka wa shamba. Siku moja kwa mwaka, kinga italimwa na wote, na atakayekataa, wenzake wataingia kwake na kuilima, apende asipende. Watatafuta pembe na kuipokezana, kila mwaka mtu mwingine. Bi Nungu ndiye aliyekubali wa mwisho, na alikubali akitazama yale mayai.

Mwaka wa kwanza pembe ilishikwa na Kanga. Mwaka wa pili ikashikwa na Swala. Kinga ikalimwa pana, moto ukaja mara mbili, ukafika, ukakosa chakula, ukafa. Mwaka wa tatu ikawa zamu ya Bi Nungu. Akapuliza, wakaja wote, na Pimbi ndiye aliyetangulia. Walilima kwa nyimbo, na jua halijafika utosini kazi ikawa imekwisha.

Bi Nungu akawatazama wenzake. Mwaka huo mgongo ulikuwa umemsumbua, na shamba lake lilikuwa limezama kwenye majani. Akasema kwa upole, "Kwa kuwa mko hapa wote na majembe yenu, kule kwangu kuna magugu kidogo."

Hakuna aliyekataa. Pimbi alikwisha kuweka jembe begani. Kanga akaanza kufuata, Swala akafuata.

Bi Kobe peke yake ndiye aliyegeuka. Aligeuka polepole, kama anavyofanya kila kitu, mpaka uso wake ukaelekea kilima cha upande wa pili, akaanza kutembea.

"Unakwenda wapi, shoga yangu?"

"Ng'ambo ya kilima kingine," akasema Bi Kobe. "Mara ile nilitembea siku tatu. Sasa nimezeeka, huenda zikawa sita. Bora niondoke mapema."

Bi Nungu akayasikia maneno yake mwenyewe, moja baada ya moja, na akakumbuka aliwahi kuyasikia kinywani mwa nani. Aliona aibu mpaka miba ikamlala. Akamfuata Bi Kobe, akamvika pembe shingoni, akamwomba aishike yeye mpaka mwakani. Kisha akawaambia wengine warudi makwao, kazi ya moto imekwisha.

Akaenda kupalilia peke yake, na mgongo wake unauma, mpaka jua likatua. Bi Kobe alikaa mpakani mwa shamba akimpigia soga, na hakung'oa hata gugu moja.

Hadithi yangu imeishia hapo, mpakani mwa shamba la maboga. Na anayetaka kunisogezea kuni motoni, asogeze kwa hiari yake.