Mshazari Chini ya Dungu

“Pembe nne hucheza, pembe tatu hutulia.”

Ndivyo alivyosema Fundi Sefu leo shuleni kwenu, nanyi mkacheka mkidhani mzee wa watu anaimba. Dawati lenu lilikuwa likiyumba kila mkiandika. Akaligongelea ubao mmoja wa kukatisha, kona hadi kona, likatulia. Sasa mmenijia mbio, hata sare hamjavua, mnataka kujua maneno hayo yalitoka wapi. Haya, kaeni. Rehani, shika kisu umenye muhogo huku unasikiliza, masikio hayamenyi. Shukuru, toa mguu kwenye ungo wangu. Methali hii ilizaliwa katika nyumba moja bondeni Rufiji, siku ambayo watu wanne walikaribia kufa maji kwa sababu ya miti iliyokatwa.

Watu wa bonde lile walilima mpunga kando ya mto. Mpunga ukishaota, familia nzima ilihamia shambani kuamia ndege na kufukuza nguruwe. Lakini mto ule una tabia ya kupanda, kwa hiyo hukujenga chini. Ulijenga dungu, yaani nyumba iliyoinuliwa juu ya nguzo, ukaishi huko juu mpaka mavuno.

Kijana mmoja aitwaye Kindamba alijengewa dungu na mjomba wake, Mzee Ngwele. Ukilitazama kwa ubavu uliona nguzo mbili zimesimama, sakafu ya fito juu, ardhi chini. Umbo gani hilo, Rehani? Mstatili, ndiyo, na kila kona pembe mraba. Lakini Mzee Ngwele hakuishia hapo. Kila upande alilaza mti mmoja wa kukatisha, kutoka shina la nguzo hii hadi karibu na kichwa cha ile. Mti huo waliuita mshazari.

Mke wa Kindamba, Zamda, alijifungulia humo humo dunguni, mtoto wa kwanza, wa kiume. Kama ilivyokuwa desturi, wanawake wa madungu ya jirani walikuja kumtwangia mzazi mchele wa uji. Walitwanga chini ya dungu, kivulini, watatu watatu kwenye kinu kimoja, wakipokezana mapigo. Sasa ile mishazari ikawa kero. Mchi ukiinuliwa unagonga mti. Mwanamke akigeuka na ungo, unamwagika. Na Bi Somoe, mama yake Kindamba, alijigonga paji la uso mpaka likavimba kama embe bichi.

“Miti hii inanifanyia makusudi!” akafoka. “Kindamba, njoo uikate.”

Kindamba alisitasita. “Mama, mjomba ndiye aliyeiweka.”

“Mjomba wako hatwangi. Nguzo zako ni nne, nene, zimezama ardhini. Hivi vijiti vya kukatisha vinabeba nini? Nionyeshe kinachokaa juu yake.”

Kindamba akatazama. Kweli, hakuna kilichokaa juu ya mshazari. Akashika nguzo akaitikisa kwa mikono miwili, haikujibu. Basi akachukua shoka akaikata yote, nayo ikawa kuni za kuchemshia maji ya kumkanda mzazi. Wanawake wakapata nafasi, wakatwanga huku wakiimba, na Bi Somoe akapita chini ya dungu kichwa juu kama malkia.

Siku zikapita bila tatizo lolote. Mimi kosa la namna hiyo ndilo ninaloliogopa kuliko yote, lile lisilolia siku linapotendeka. Mtu hulala juu yake na kuamka akijisifu kwamba alikuwa na haki.

Kisha mvua ikanyesha juu huko mto unakotoka. Asubuhi moja maji yakaingia shambani kimya kimya, yakapita katikati ya mpunga, yakafika kwenye nguzo. Kindamba akavuta mtumbwi akaufunga karibu. Hawakuogopa. Dungu si limejengwa kwa ajili hiyo?

Wa kwanza kuogopa alikuwa Zamda. Alikuwa amelala ubavu akimnyonyesha mtoto, macho yake yakiangalia kibuyu cha maji kilichoning’inia kwa kamba kutoka juu ya ukuta. Siku zote kibuyu kile kiligusa ukuta. Sasa palikuwa na nafasi ya kiganja katikati. Akafikiri ni uchovu wa uzazi. Akafumba macho. Alipofumbua, nafasi ilikuwa imetosha mikono miwili.

“Mama,” akamwita mkwewe, “kibuyu kinasogea.”

“Kibuyu hakina miguu, mwanangu.”

“Basi ni nyumba inayosogea.”

Bi Somoe akageuka kutazama. Wakati huo huo wakasikia fito za sakafu zikilia, polepole, kama mtu anayesaga meno usingizini. Mtoto akashtuka akaanza kulia.

Shukuru, nipe hicho kiberiti. Mnaona nikitoa njiti nikabaki na ganda tupu? Nalisukuma kwa kidole. Hakuna upande uliokatika, hakuna uliofupika, lakini tazama kona: mbili zimebanwa zikawa pembe kali, mbili zimepanuka zikawa pembe butu. Ulikuwa mstatili, sasa ni msambamba. Nikisukuma zaidi linalala bapa. Hivyo ndivyo mto ulivyokuwa ukilifanya dungu la Kindamba. Tope limelainika, maji yanasukuma, na nguzo nne nene, nzima kabisa, zinalala pamoja kuelekea maji yanakokwenda.

Kindamba alikuwa majini mpaka kifuani. Akili yake ilimwambia nyumba imechoka kubeba, iongezewe miguu. Akang’oa mti wa uzio, akausimamisha kando ya nguzo, akaufunga kwa kamba. Akaleta mwingine. Kamba zote za nyumba zikaishia hapo. Akarudi nyuma kidogo atazame, na mbele ya macho yake miti mipya ikainama pamoja na ile ya zamani, kama watu wanaorukuu safu moja.

“Shukeni!” akapiga kelele. “Ingieni mtumbwini, twende!”

Zamda akachungulia mlangoni. Mto ulikuwa unapita na magogo, mizizi juu, yakigongana. Mtumbwi ulikuwa mdogo. Mtoto alikuwa bado hajadondoka kitovu. Nakwambieni, mwanamke yule hakuwa shujaa. Hofu ilimkata hata maziwa. Akainua uso juu ili asiyaone maji. Ndipo alipoliona paa.

Kuta zilikuwa zimeinama. Sakafu imelia. Lakini kule juu, mahali miti miwili ya paa inapokutana na ule uliolala chini yake, hakuna kilichobadilika. Vifundo vilikuwa vilevile. Nyasi hazikufunguka.

“Baba Fulani!” akaita, maana mtoto alikuwa bado hajapewa jina. “Paa halijayumba!”

“Paa halina maji!”

“Limesukumwa na kuta! Kuta zimeinama, lenyewe limebaki na umbo lake. Lile ni miti mitatu imefungwa pamoja. Huku chini ni minne. Ile mishazari ya mjomba ilikuwa inaikata hii minne iwe mitatu mitatu!”

Kindamba akaganda. Nadhani alikiona kichwani kile alichokikata, kila mti mahali pake. Akazungusha macho atafute mti mrefu. Haukuwepo. Ulikuwepo mmoja tu: upondo, ule mti wa kusukumia mtumbwi.

Bi Somoe akaelewa kabla Kindamba hajausogelea. “Hapana!” akalia. “Upondo ukishafungwa, hatuna pa kwenda.”

“Na usipofungwa, mama,” Zamda akasema, “hatuna pa kukaa.”

Dungu likalia tena, kibuyu kikasogea tena. Bi Somoe akaichukua mbeleko aliyokuwa ameiandaa kumbebea mjukuu wake, akaipasua katikati kwa meno, akamrushia mwanawe vipande vyote viwili.

Kindamba alizama na upondo. Aliuegemeza kwenye shina la nguzo ya upande maji yanakokwenda, akaufunga humo ndani ya maji bila kuona kitu, huku akiwaza mamba. Zamda alilala kifudifudi, akapitisha mikono katikati ya fito za sakafu, akashika ncha ya juu kwenye kichwa cha nguzo ya pili na kuizungushia kitambaa mpaka vidole vikachubuka. Bi Somoe alimshika mtoto, macho ameyafunga, akisoma kila dua aliyopata kufundishwa na nyingine alizotunga papo hapo.

Mto ukasukuma. Upondo ukalia mara moja. Kisha kukawa kimya.

Zamda akageuza kichwa kukitazama kibuyu. Akakitazama muda mrefu sana. Hakikusogea. Hapo ndipo alipoangua kilio.

Maji yalikaa siku ile na usiku wake, yakailamba sakafu, wasiweze kwenda popote. Yaliposhuka, Mzee Ngwele alifika na mtumbwi wake akiwa hana matumaini ya kukuta kitu. Akalikuta dungu limeinama upande kama mtu anayesikiliza umbea, lakini limesimama. Akautazama upondo, akavitazama visiki vya mishazari yake, akamtazama mpwawe. Kindamba akainamisha kichwa.

Bi Somoe akawa wa kwanza kushuka, mjukuu kifuani. Akapiga hatua moja chini ya dungu, na kwa sababu hakuuzoea upondo mahali pale, akajigonga paji la uso, palepale pa zamani. Wote wakageuka kumtazama.

Akasimama. Akaupapasa ule mti kwa kiganja, taratibu, kama unavyompapasa ng’ombe.

“Acheni ubaki,” akasema. “Nitainama.”

Unauliza nini, Rehani? Kama mtoto yule ni mimi? Yule alikuwa wa kiume, na mimi sijazeeka kiasi hicho, mna adabu kweli? Mtoto yule alikuja kumzaa baba yake Fundi Sefu. Ndiyo maana maneno ya Bi Somoe hayamtoki mdomoni, na dawati lenu limepata mshazari. Mwenye kukaa hapo ndiye atakayegonga goti, nanyi mtakuja kulalamika hapa. Nami nitawajibu kama Bi Somoe alivyowajibu wanawake wenzake walipokuja tena kutwanga, wakaona upondo umewazuia, wakamwomba autoe:

“Twangeni pembeni. Pembe nne hucheza, pembe tatu hutulia.”