Mawifi Wawili na Mpunga wa Mama

Kabla sijaanza, naomba upande wa Mzee Ngwila na upande wa Mama Likwembe mnitazame mimi. Mkiendelea kutazamana hivyo mabenchi yataungua.

Nimesikia yote. Jumapili iliyopita tulimaliza ibada vizuri, tukatoka nje, mtu mmoja akauliza swali dogo tu: Bwana atalinyakua kanisa lake kabla ya dhiki kuu, au baada? Wiki nzima sasa watu hawasalimiani. Kwaya imepasuka. Soprano wote na Mama Likwembe ni wa kabla, besi wote na Mzee Ngwila ni wa baada. Mimi sikusoma, mnajua. Darasa la pili niliaga mwenyewe, na mwalimu mkuu alilia siku tatu. Siwezi kuwachambulia hayo mambo. Lakini kuna kazi moja ambayo bonde hili halijazaa mtu wa kunifikia, nayo ni kuamia ndege wasile mpunga. Nikipiga kelele mara moja, kweleakwelea wa wilaya ya jirani wanahamisha watoto. Basi nitasema na nyie kwa kazi ninayoijua.

Palikuwa na bwana mmoja, mkulima wa mpunga, bondeni kabisa, karibu na mto. Akapata kazi ya kujenga huko mbali. Nyumbani anaacha watu watatu: mke wake, dada yake, na mama yake mzee. Yule mama hana jino hata moja. Ugali haupiti, muhogo haupiti. Chakula chake ni uji wa mchele, basi, na mchele wa ndani umebaki wa mwezi mmoja. Siku ya kuondoka yule bwana akawaita mke na dada shambani, mpunga ndio unatoa masuke. Akawaambia, "Nitarudi niwahamishie wote mlimani. Mpaka nije, ndege wasile. Huu ndio uji wa mama."

Wakasema sawa. Na walimpenda, hilo msinibishie. Dada alimtaja kaka yake mara elfu nne kwa siku. Mke alikuwa analala na shati lake.

Sasa bonde lile kila mwaka maji hujaa, na siyo maji ya kuchezea. Mwaka mmoja niliona kwa macho yangu haya kiboko kapanda juu ya paa anaomba msaada. Hapo ndipo mawifi walipoanza. Wako juu ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu cha kuamia, kila mmoja na kamba yake imefungwa makopo, ukivuta yanalia ndege wanaruka.

Mke kasema, "Wifi, mume wangu atakuja kabla ya maji. Hawezi kuniacha nilowe."

Dada kasema, "Kaka yangu namjua tangu hajaota meno. Atatuacha tupigwe na maji kwanza. Yakishatulia ndio aje na mtumbwi."

"Wewe unamjua wa utotoni. Wa ukubwani namjua mimi."

"Haya, mwambie huyo wa ukubwani akuletee na mwavuli."

Siku ya kwanza walicheka. Siku ya pili hawakucheka. Siku ya nne mke kageuza kigoda chake, anatazama barabara, mumewe asije akafika asimwone. Dada naye kageuza chake, anatazama mto. Migongo inagusana. Nawauliza nyie wakulima: barabara iko kushoto, mto uko kulia, mpunga uko mbele. Nani anatazama mbele?

Jioni mama anauliza kutoka mkekani, "Wanangu, ndege hawajambo huko?"

"Hatujawaona, mama."

Na ni kweli. Hawakuwaona.

Kweleakwelea walitua kama mtu katupa blanketi juu ya shamba. Milioni mia sita, na mimi kwa kukadiria ndege huwa sikosei sana. Makopo kimya, maana mikono iliyotakiwa kuvuta kamba ilikuwa inaoneshana barabara na mto. Mwezi ule haujaisha, mpunga umesimama kama mafagio.

Najua mnangoja niseme mawifi wote wawili walikosea siku. Hapana. Yule bwana alirudi kabla ya maji. Mchana kweupe, kwa barabara, begi begani. Mke alikuwa amepatia. Karuka kutoka juu ya dungu bila kugusa ngazi, kamshika dada mkono.

"Wifi, nilikwambia nini? Kabla ya maji. Sema mwenyewe."

"Umeshinda, wifi yangu. Umeshinda."

Yule bwana kamkumbatia mke, kamkumbatia dada, kacheka nao. Halafu kauliza, "Na mama leo kanywa nini?"

Ajibu nani? Aliyeshinda? Alikuwa na siku sahihi kabisa, na hakuna sufuria inayopika siku. Mama alikuwa ndani, mchele umekwisha, siku ya tatu anakunywa maji ya moto na chumvi. Akasikia sauti ya mwanawe, akajikokota mpaka mlangoni, akasema, "Usiwagombeze, baba. Walikuwa wanakungoja wewe."

Hakuwagombeza. Aliweka begi chini, akaingia shambani akaanza kuokota masuke yaliyodondoka, moja moja, kwa vidole. Mawifi wakaingia nyuma yake. Hakuna aliyesema tena kabla wala baada.

Ndugu zangu, mawifi ndio sisi. Sisemi swali ni baya. Mtu unayempenda lazima uulize anakuja lini. Mzee Ngwila, huenda umepatia. Mama Likwembe, huenda ni wewe. Lakini Bwana wetu alipoondoka hakutuachia siku ya kushindania. Alituachia watu wa kutunza, na atauliza habari zao.

Zamu ya kumchotea maji Bibi Ndembo ni ya kanisa letu, si ndiyo? Leo asubuhi nimepita kwake. Mtungi mkavu. Bibi wa watu kaniuliza kama kanisa limepata msiba, maana wiki nzima hajaona mtu. Zamu ya Jumanne ilikuwa yangu mwenyewe. Nilikuwa barazani kwa Mzee Ngwila, nabisha.

Kwa hiyo leo sifungi kwa sala ndefu. Tunatoka kwa mlango huohuo, wa kabla na wa baada, kila mtu akamate kidumu, twende kisimani halafu kwa bibi. Mimi nitabeba viwili, na huwa sitoi hata jasho. Bwana akitukuta njiani na maji kichwani, atatukuta pazuri.