Bega la Maghanga

Uso wa runinga hauna bega. Ndivyo alivyosema mama wa kinu cha kusaga asubuhi hii, kijana wa kampeni alipomkabidhi kofia yenye picha ya bwana mkubwa wake, nanyi mkacheka mpaka unga ukawaingia puani. Kisha mkanifuata hadi hapa kuniuliza umetoka wapi msemo huo, kana kwamba mimi ndiye niliyeuzaa. Haya, kaeni. Wewe uliyevaa kofia mbili, vua moja. Kichwa chenyewe ni kimoja.

Msemo huu una baba yake, na baba huyo ni Maghanga wa Ndigho. Yu hai, na halifichi jambo lake. Ukimtembelea, kabla hujavuta kiti atakwambia, "Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Wengine walikuwa wafiwa tu." Kura alizikosa, naam, lakini si kura zilizompukutisha nywele.

Ndigho ni mlima, na barabara huishia chini yake, mtoni. Kutoka hapo kwenda juu gari ni miguu yako. Kwa hiyo mgonjwa wa Ndigho hushushwa kwa machela: miti miwili mirefu, blanketi zito katikati, na mabega manne. Kila bega lina mwenyewe. Tangu enzi za mababu ukoo huu hushika nyuma, ukoo ule hushika mbele, na hakuna anayeuliza. Pagumu kuliko pote ni mbele kulia, kwa sababu njia inapoinama na kukunja, uzito wote humwangukia aliye hapo. Hapo palikuwa pa ukoo wa Maghanga. Na mwiko wao ni huu: nafasi ya mtu haishikwi na mwingine mpaka mwenyewe atamke kwa kinywa chake, "Shikeni." Kumshikia bila kauli yake ni kumzika angali anapumua.

Maghanga alikuwa mchuuzi wa kabichi. Alikuwa na pikapu nyeupe iliyolala pale mtoni, na usiku wowote machela ikishuka, pikapu iliwaka na kumkimbiza mgonjwa hospitali ya Sagheni. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu kama goti la ngamia. Basi uchaguzi ulipokaribia, akina mama wa Ndigho wakasema, miaka yote tumepeleka midomo bungeni, safari hii tupeleke bega. Wakafanya harambee. Dada yake mkubwa, Mghoi, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, akauza ng'ombe wake wa pekee wa maziwa. Alipoulizwa maziwa atapata wapi, alijibu, "Ndugu yangu akifika bungeni nitakunywa chai ya rangi kwa raha."

Kampeni ilianza vizuri. Maghanga alipanda vilima, akashika mikono, akakaa matangani, akala alichopewa. Mpaka siku moja, katika hoteli ya chai pale Sagheni, alikuwa amemshika mkono mzee mmoja akimweleza habari za barabara, mara runinga ya ukutani ikamtoa mpinzani wake, Nyange, muda mfupi kabla ya taarifa ya habari. Nyange alikuwa amevaa shati jeupe, watoto wanamkimbilia, na nyuma yake muziki. Mkono wa mzee ulibaki kiganjani mwa Maghanga, lakini macho yake yalihamia ukutani, na hayakurudi.

Hapo Maghanga aliingiwa na ugonjwa ambao hospitali haina dawa yake. Alimtafuta mtaalamu wa matangazo kutoka Nairobi, kijana aliyeitwa Kizito, mwenye viatu visivyojua tope.

"Mheshimiwa," Kizito alimwambia, "ukienda matanga moja unaonekana na watu wangapi? Kijiji. Ukitokea kabla ya habari unaonekana na nchi nzima."

"Lakini nchi nzima haipigi kura Ndigho."

"Ndigho nako kuna runinga, mheshimiwa. Na mtu akimwona jirani yake ndani ya runinga, hamwoni tena kama jirani. Anamwona kiongozi."

Neno hilo lilimkaa Maghanga moyoni kama sukari kwenye jino bovu. Fedha ya harambee yote ikaenda kwenye tangazo la kwanza. Alikuwa amevaa suti ya kuazima, akikata hewa kwa mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Nyange akajibu kwa kununua mara mbili ya nafasi zile. Maghanga naye akataka mara tatu. Runinga ni mgeni asiyeshiba: ukimwandalia leo, kesho anauliza mbona mchuzi mwepesi. Mwishowe Maghanga akauza pikapu.

Mghoi alipopata habari alishuka mpaka mtoni, akapatazama mahali gari lilipokuwa likilala, pamebaki doa la mafuta tu.

"Na wagonjwa?" alimuuliza.

"Dada, nikishinda nitaleta ambulensi yenye king'ora."

"Na kabla hujashinda, tuugue polepole?"

Maghanga alicheka. Alikuwa amezoea utani wa dada yake. Hakuona kwamba safari hiyo Mghoi mwenyewe hakucheka.

Zikiwa zimebaki wiki chache, Kizito akaja na wazo. Suti haiuzi, alisema. Kinachouza ni machela. Yeye na watu wake wa kamera wakampeleka Maghanga kwenye kilima kimoja nje ya Nairobi, chenye nyasi zilizokatwa vizuri. Machela ilitengenezwa na fundi wa samani, imepigwa msasa na kupakwa vanishi. Mgonjwa alikuwa msichana wa kukodiwa, mwepesi kama mto wa kulalia, na kila walipomnyanyua alichekacheka kwa kutekenywa. Wabebaji watatu wengine walikuwa vijana wa michezo ya kuigiza. Maghanga akashika mbele kulia, na alichotakiwa kusema ni maneno manne tu: "Mimi ni bega lenu."

Walikuwa wamerudia mara kadhaa simu yake ilipolia. Alikuwa Mwadime, jirani yake, anayeshika mbele kushoto.

"Maghanga, Mghoi kazidiwa. Tumbo limejifunga tangu alfajiri. Daktari wa Sagheni amesema kwenye simu tumfikishe mchana huu, apasuliwe, atapona. Machela iko tayari. Uko wapi?"

Maghanga alimtazama msichana aliyekuwa akipakwa poda juu ya machela. Kutoka pale mpaka Ndigho ni safari ya nusu siku na zaidi. Alilijua hilo. Neno lililotakiwa lilikuwa moja tu: shikeni. Lakini alijua pia kwamba kabla jua halijatua Nyange angekwisha kulipata, na kila jukwaa lingeimba kwamba Maghanga amegawa nafasi ya baba yake. Mtu akishagawa nafasi ya mbele, atauombaje mlima kura?

"Niko njiani," alisema.

"Njiani wapi?"

"Njiani, Mwadime. Karibu nafika. Nisubirini."

"Kama uko mbali sema tu, ndugu yangu, tumweke mtu. Hatutakusema."

"Nimekwambia niko njiani!"

Sote tumewahi kusema neno hilo tukiwa bado tunatafuta viatu uvunguni. Ni uongo mdogo, wa kila siku, hauna hata mtu wa kuukataza. Kizito akaichukua ile simu, akaizima, akaitia mfukoni. "Jua limekaa vizuri sana, mheshimiwa," alisema. "Mara moja tu tena." Mara moja ikazaa nyingine. Mheshimiwa, tabasamu lako ni kavu. Mheshimiwa, machela imeenda kombo. Maghanga alijiambia kwamba dada yake ni mgumu, aliwahi kuugua vibaya kuliko hivyo akapona, na kwamba Mwadime hupenda kukuza mambo. Lakini bega lake la kulia, alisema baadaye, lilikuwa baridi siku nzima.

Kule Ndigho walimsubiri. Mgonjwa alilala kwenye machela uani, na binti yake Wakesho akimpepea kwa kanga. Kila kivuli kilipotokea kwenye kona ya njia walisimama, kisha wakakaa. Walipiga simu, haikupatikana, wakasema, yuko bondeni, huko hakuna mtandao. Walimtetea mpaka mawingu yakashuka. Mvua ilipoanza ndipo Wakesho alipolia, "Mnamlinda aliye hai kwa kumuua mwingine!" Wakanyanyua mabega matatu, mbele kulia pakiwa wazi, mti ukiinama upande huo kila hatua. Hakuna aliyethubutu kupashika. Waliteleza, wakatua, wakanyanyua. Walipofika mtoni hapakuwa na gari. Wakaendelea kwa miguu kwenye barabara ya tope, na kabla ya taa za Sagheni kuonekana, Mghoi aliomba wamtue kidogo apumzike. Wakamtua. Hawakuhitaji kumkimbiza tena.

Maghanga alifika kesho yake kwa basi, na alipoiona nyumba ya dada yake ina watu mpaka nje ya ua, alijua kilichotokea. Hakuna aliyemtukana. Walimpa mkono mmoja mmoja, wakasema pole, wakampisha kiti. Alitamani angepata hata mtu wa kumpiga kofi.

Jioni moja ya matanga watoto wa Mwadime walileta runinga na jenereta ndogo, ili waliofika kutoka mbali wasikie tangazo la kifo likisomwa. Watu wakakusanyika uani. Kabla ya habari kukaja muziki wa taratibu, na kukatokea kilima chenye nyasi nzuri. Maghanga alijiona. Alikuwa amebeba machela, bega la kulia, uso umejaa huruma. Blanketi lilikuwa jeupe. Mgonjwa aliinua kichwa na kutabasamu. "Mimi ni bega lenu," akasema yule Maghanga wa kwenye kioo.

Mzee mmoja aliyekuwa haoni vizuri akauliza, "Huyo si Maghanga? Kumbe alikuja?"

Maghanga alitoka, akaenda nyuma ya zizi, akampigia Kizito. "Liondoeni," alisema. "Tafadhali, ndugu yangu, liondoeni."

"Limeshalipiwa, mheshimiwa," Kizito alijibu kwa upole wa mtu anayetoa habari njema. "Litakwenda kila siku mpaka siku ya kura. Na watu wanalipenda!"

Basi likaendelea. Siku zote zile za msiba, kila jioni, mahali fulani nchini Maghanga alikuwa akimbeba mgonjwa asiye mgonjwa, na hakuwa na uwezo wa kumtua.

Siku ya mazishi jeneza lilitolewa nje na kuwekwa juu ya ile miti miwili, maana kaburi lilikuwa kwa wazee wao, nyuma ya kilima. Mwadime akashika mahali pake. Wawili wa nyuma wakashika pao. Maghanga akavua koti, akalikunja, akaliweka begani kama alivyofanya maisha yake yote. Alipofika mbele kulia alimkuta Wakesho amesimama hapo, kanga ameikunja begani, mkono ukiwa tayari juu ya mti.

"Mwanangu, hapa ni pangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Palikuwa pako, mjomba."

"Sijatamka. Niko hai, na sijatamka neno."

"Tulilisubiri hilo neno, mjomba. Mama alilisubiri mpaka akaacha kuuliza saa."

"Nimekosa. Mbele ya watu wote hawa nasema nimekosa. Lakini ni dada yangu. Alinibeba mgongoni kabla sijajua kutembea. Usininyang'anye hii, Wakesho. Hii nikinyang'anywa, sina kingine."

Wazee wakatazama chini. Mwadime akajipangusa macho kwa mkono uliokuwa huru na kumwambia binti, "Mwachie, mama. Mwiko ni mwiko." Mwingine akasema mwiko umeshavunjwa, na aliyeuvunja siye Wakesho. Wengine wakadakia, wengine wakazomea, na jeneza liko pale katikati yao linasubiri, kama mwenyewe alivyosubiri.

Ndipo Shako, kijana wa kampeni ya Maghanga, akajipenyeza mbele akiwa na fulana yake ya picha. Alidhani anamsaidia bwana wake. "Jamani, fikirieni!" alisema. "Kila jioni nchi nzima inamwona mheshimiwa kabeba machela. Leo, kwenye msiba wa dada yake wa tumbo moja, asimame mikono mitupu? Watu watatuelewaje?"

Maghanga alifumba macho. Angeweza kumrukia kijana yule amzibe kinywa, lakini neno lilikwisha kutoka, na lilikuwa lake mwenyewe, alilolinunua kwa ng'ombe wa dada yake na kwa pikapu.

Wakesho hakumtazama Shako. Aliinama, akaingiza bega lake chini ya mti, akanyanyuka na jeneza likanyanyuka naye. Kisha akamgeukia mjomba wake, bila hasira, machozi yakimtiririka.

"Tupishe njia, mjomba. Uso wa runinga hauna bega."