Nani Apewe Samaki wa Mkanda wa Shaba

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi na tisa Oktoba, saa nane na dakika kumi mchana, mjini Dodoma. Joto lilikuwa limefika nyuzi thelathini na nne, na upepo wa vumbi uliovuma tangu asubuhi ulikuwa umeyafunika madirisha ya stoo ya maabara, katika shule moja ya sekondari, kwa utando mwekundu. Ndani ya stoo hiyo kulikuwa na tangi la kioo la lita mia nne, na ndani ya tangi hilo samaki ishirini na wawili. Yashikeni haya kwa mpangilio wake, nyinyi mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo, maana mwishoni nitawadai hukumu, na mwamuzi asiyejua kipi kilitangulia kipi huhukumu kwa kubahatisha.

Tangi lile lilikuwa mali ya watu watatu, na kila mmoja alikuwa na kipawa chake.

Mwalimu Nyamizi, aliyefundisha baiolojia, alijaliwa jicho. Katika darasa la wanafunzi themanini aliweza kumjua aliyelia kabla ya kengele ya kwanza, na kwa samaki aliweza kuona taya iliyoshuka kwa unene wa ukucha.

Mzee Chiduo, mtunza maabara, alijaliwa mkono. Alimimina tindikali hadi kwenye alama huku akibishana juu ya mpira, na mjusi aliyemkamata ukutani hakuwahi kumwachia mkia.

Mwalimu Lusajo, aliyefundisha fizikia, alijaliwa pumzi. Alipiga tarumbeta katika bendi ya kanisa, naye aliweza kushika sauti moja tangu jeneza linyanyuliwe hadi liguse chini ya kaburi, akivuta hewa kwa pua huku akiitoa kwa kinywa.

Kwa miaka sita walikuwa wakizalisha samaki wa mapambo, wa aina iishiyo kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, ambayo mama huyabeba mayai kinywani mwake hadi yaanguliwe na vifaranga wakomae. Katika mwaka wa sita walipata kizazi chenye mwili mweusi na mkanda wa rangi ya shaba kiunoni. Hawakuwa wamesikia habari za wengine wa namna hiyo popote. Wale ishirini na wawili ndio waliokuwapo.

Samaki hao hawana upole. Dume mmoja hutawala, na utawala wake ni kipigo: humgonga huyu ubavuni, humng'ata yule mkia, mchana kutwa bila kuchoka. Dume wa tangi lile walimwita Jemadari. Siku hiyo Jemadari alikuwa amembana samaki kijana mmoja kwenye pembe ya kichujio, akamchuna magamba hadi nyama nyeupe ikaonekana. Nyamizi alimtazama yule kijana akihema, moyo ukamshinda. Akachukua wavu, akamtoa Jemadari, akamtia katika ndoo ya maji ya tangi.

"Kaa humo kidogo, bwana mkubwa, ujifunze adabu," alimwambia, kisha akaenda ofisini kunywa chai.

Kosa hilo ni la huruma, na halifanywi ila na mfugaji awapendaye samaki wake. Jemadari alikuwa akimpiga kila mmoja kidogo, na kwa sababu hiyo hakuna aliyethubutu kumpiga mwenzake hadi mwisho. Alipoondolewa, kiti kilibaki wazi, na madume wanne walikitaka.

Saa nane na dakika thelathini na tano Nyamizi alirudi. Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi. Madume wawili walikuwa wameng'atana taya kwa taya, wakizunguka kama kamba inayosokotwa. Wa tatu alikuwa akimla jicho wa nne, ambaye mapezi yake yalikuwa bado yanapiga maji. Saba walikuwa wamekwisha kufa. Hapo Nyamizi akaongeza kosa la pili juu ya la kwanza: alimrudisha Jemadari ili atulize ghasia. Lakini dakika ishirini na tano zilikuwa zimetosha kumfanya mgeni kwao. Walimwacha ashuke hadi katikati ya maji, kisha wakamwendea kwa pamoja. Hazikupita dakika tatu, tumbo lake likapasuliwa, na waliompasua wakageukiana wenyewe.

Nyamizi aliwaita wenzake. Chiduo alitoka maabara, Lusajo alitoka darasani na chaki mkononi. Waliobaki hai walikuwa tisa.

"Nani kamtoa mkubwa wao?" Chiduo aliuliza.

"Mimi."

"Basi, Mwalimu, umefungua bucha."

"Maneno baadaye, Mzee Chiduo," alisema Lusajo. "Ndoo ni moja. Tukiwatia wote humo watamalizana kama wanavyomalizana hapa. Ataingia mmoja. Dada Nyamizi, ni yupi?"

Hapo ndipo jicho lilipofanya kazi yake. Kwa hofu wote tisa walikuwa wamepoteza rangi, na kwa vidonda hapakuwa na alama ya kumtofautisha huyu na yule. Walipita mbele ya kioo kama vipande vya kaa la moto lililozimwa, wakitoa damu. Nyamizi aliweka paji la uso wake juu ya kioo na kuacha kupepesa. Aliona mkia uliochanika, akauacha. Aliona ubavu uliotobolewa, akauacha. Kisha chini ya jiwe kubwa akaona jike mmoja aliyekuwa akimchapa kwa mkia kila aliyemsogelea, na ambaye taya yake ilikuwa imeshuka kwa unene wa ukucha.

"Yule asiye na jicho la kulia," alisema. "Ana watoto kinywani, wa siku kumi na nne hivi. Mkikamata mwingine yeyote, mmekamata mzoga."

Hapo ndipo mkono ulipofanya kazi yake. Wavu haukufaa, kwa kuwa jike anayekimbizwa kwa wavu hutema watoto, na wale wenye njaa ya vita wangewala mbele ya macho yao. Chiduo alikunja shati hadi begani, akapanda juu ya kiti, akauingiza mkono wa kulia. Samaki waliung'ata, hakuutikisa. Akaupitisha polepole chini ya jiwe, akamkunjia jike vidole kama mtu anayefunika mshumaa. Lakini jiwe lilikuwa limekalia mchanga uliokwisha kufukuliwa na vita. Lilipinduka, likagonga kioo cha mbele, na tangi lote likapasuka.

Lita mia nne za maji zilimwagika kwa mkupuo mmoja. Kipande cha kioo kirefu kama kisu cha kuchinjia kilimwingia Chiduo chini ya kiwiko na kumchana hadi kwenye kifundo cha mkono. Maji yakaingia katika soketi ya sakafuni, cheche zikaruka, na samaki wanane waliokuwa wakirukaruka juu ya vigae wakakakamaa mara moja, midomo wazi. Lusajo alimvuta Nyamizi juu ya meza, akaruka kutoka meza hadi meza, akaizima swichi kuu. Chiduo alikuwa amesimama juu ya kiti. Damu ilimchuruzika hadi kwenye ncha za vidole, na vidole vile havikuwa vimefunguka.

"Njooni mumchukue," alisema kwa utulivu. "Mimi nitaanguka sasa hivi."

Hapo ndipo pumzi ilipofanya kazi yake. Jike alikuwa hai, lakini tumbo lake lilikuwa limetobolewa na matamvua yake ya kupumulia yalifunguka kwa kuchelewa. Nyamizi, aliyekuwa akimfunga Chiduo mkono kwa koti la maabara, alisema, "Mtie ndooni apumzike."

"Akipumzika atawameza watoto," alisema Lusajo.

"Au atapona."

Lusajo alichota maji ya ndoo kwa chupa ya maabara, akamshika jike kichwa chini, akapenyeza njiti ya kiberiti kati ya midomo yake na kuifungua. Taya ilivunjika, Nyamizi aliisikia. Vifaranga kumi na wanne, kila mmoja akiwa bado amebeba kiini chake cha njano tumboni, wakadondoka chupani. Mama yao alitetemeka mara mbili kiganjani mwa Lusajo, kisha akaacha.

Vifaranga wa umri huo hawawezi kulala chini. Kinywani mwa mama hugeuzwageuzwa mchana na usiku, wakiachwa tuli hufa. Pampu ya hewa ingewageuza, lakini soketi zilikuwa zimeungua na fundi wa umeme alikuwa mtaa wa Kikuyu, upande wa pili wa mji. Lusajo alichukua mrija, akautumbukiza chupani, akaanza kupuliza: povu dogo, la mfululizo, lenye nguvu ya kuwainua bila kuwapiga kwenye kioo. Alianza saa tisa kamili. Saa kumi midomo yake ilikuwa imepasuka. Saa kumi na moja alitapika kando, bila kuutoa mrija kwa zaidi ya pumzi moja. Saa kumi na mbili kasorobo fundi aliporudisha umeme, Lusajo alikutwa ameegemea ukuta, damu ikimtoka puani, bado anapuliza. Kifaranga mmoja alikuwa amekufa. Kumi na watatu walikuwa hai.

Nayo ingekuwa hadithi ya heri, kama si barua za uhamisho. Mwezi wa kwanza, Nyamizi alipangiwa Tabora, Lusajo alipangiwa Njombe, na Chiduo akaambiwa abaki palepale. Vifaranga walikuwa na umri wa wiki kumi na tatu, urefu wa kidole gumba, na mkanda wa shaba ulikuwa umeanza kung'aa kiunoni mwao.

Nyamizi aliwataka kuliko alivyowahi kutaka kitu. Kila alipofumba macho aliyaona maji ya waridi, na aliamini kwamba picha hiyo ingefutwa na jambo moja tu: kuwaona wale kumi na watatu wakikua katika nyumba yake. Lakini wenzake nao walitaka, na maneno yaliyoahirishwa siku ile yakafika.

"Mkono huu hauwezi tena kushika kalamu," Chiduo alimwambia Lusajo ofisini. "Wewe ulipoteza nini? Mate?"

"Nilifuta uchafu wako. Tangi ulivunja wewe."

"Na mama yao ulimvunja wewe, mpiga matarumbeta ya msibani."

"Angalau maiti zangu huwa wamekwisha kufa kabla sijafika."

Chiduo alimpiga kwa ule mkono wenye kovu, ngumi ya mdomoni, na jino la mbele la Lusajo likaanguka juu ya madaftari. Lusajo alinyanyua kiti, akamshushia begani. Nyamizi alipoingia kati alisukumwa hadi kwenye kabati, kioo chake kikamkata sikio, naye akaokota rula ya mbao na kuwachapa wote wawili bila kuchagua, akilia kwa hasira, mpaka walinzi walipowatenganisha.

Ndipo akaitwa Bi. Chihoma, mwenyekiti wa chama cha wafuga samaki wa mapambo mjini. Alifika Jumamosi, tarehe kumi na moja Januari, saa nne asubuhi. Aliwakuta watatu wameketi mbalimbali: mmoja na kovu, mmoja na pengo, mmoja na bandeji sikioni. Akavuta kiti mbele ya tangi jipya, akawahesabu samaki, akaandika: kumi na watatu.

"Wanangu, jambo rahisi lingekuwa kuwagawa," alisema. "Kwa nini hamkugawana?"

"Hawagawanyiki, mama," Nyamizi alijibu.

"Waelezeni hao walinzi mlangoni, wanaona tunafanya mzaha."

"Wakiwa wengi kipigo hutawanyika. Wakipungua chini ya kumi na wawili, mkubwa humwandama mnyonge mmoja hadi amuue, kisha wa pili, kisha wa tatu, mpaka abaki peke yake."

"Sawa. Kwa hiyo mmoja atachukua wote, na wawili watakwenda mikono mitupu. Semeni. Kwa ufupi."

Nyamizi alisema: "Walikuwa tisa, wote sura moja, na nafasi ilikuwa moja. Nisingemwona, mkono ungekamata nini, na pumzi ingempulizia nani?"

"Na nani alianzisha mauaji?" Bi. Chihoma aliuliza.

"Mimi."

Chiduo alisema: "Kuona si kushika. Kioo kilipoingia hadi mfupani, mtu mwingine angefungua vidole. Mimi sikufungua."

"Na wale wanane wa sakafuni?"

"Ni wangu. Jiwe nililigusa mimi."

Lusajo alisema, maneno yakivuja kwenye pengo: "Walichoniletea kilikuwa kinakufa. Nilichokirudisha kilikuwa hai. Saa mbili na dakika arobaini na tano, mama. Jaribu dakika tano."

"Na mama yao?"

Lusajo alitazama mikono yake. "Labda angepona. Sijui. Hakuna anayejua."

Bi. Chihoma alifunga daftari. Kila mmoja aliokoa wote, na kila mmoja alikuwa ameua. Ukiondoa jicho, hakuna samaki. Ukiondoa mkono, hakuna samaki. Ukiondoa pumzi, hakuna samaki. Walianza tena kubishana, kwanza kwa sauti za chini, kisha wamesimama. Nyamizi peke yake aliacha kubishana, kwa kuwa jicho lake lilikuwa limeona kitu nyuma ya kichujio.

Alikwenda hadi kwenye kioo. Kifaranga mmoja alikuwa amelala ubavu, mkia umeliwa, na mwenzake mkubwa kidogo alikuwa bado akimgonga.

"Mama," alisema, "hesabu tena."

Saa nne na dakika arobaini Bi. Chihoma alisogeza kiti, akahesabu kwa kidole, akarudia kuanzia upande wa pili. Wenye jicho, mkono na pumzi walikuwa wakimtazama wote. Kisha aliwageukia walinzi mlangoni, kama mimi ninavyowageukia nyinyi sasa.

Je, ungekuwa wewe kwenye kiti kile, samaki hao ungemkabidhi nani? Jibuni, na kila mmoja atoe sababu yake, ila msichelewe: waliobaki ni kumi na wawili.